Mshangao wa Baba Egidi

Kila asubuhi, kabla mashua haijaingizwa mtoni, kampuni humwosha Kasiani kichwa. Humfutia akilini mto mzima na kila kilichowahi kutokea humo. Wageni hawataki mwongoza watalii aliyekinai. Wanataka mtu wa kushangaa kiboko pamoja nao, na Kasiani hushangaa mpaka raha.

Mkewe Avelina, mpishi wa mashuani, haoshwi. Mpishi ashangae nini?

Leo walipokata kona, pale msitu unapoinamia maji, mamba mwenye jicho moja alikuwa akiota jua mchangani. Kasiani akaruka kama mtoto.

"Mama Egidi, njoo uone! Tazama alivyonona!"

Avelina akaendelea kupakua wali. Mamba huyo ndiye aliyemla mtoto wao mwaka juzi, kwenye kona hiihii. Wageni wote wanalijua hilo, maana huambiwa gatini wanapokata tiketi. Ndiyo maana hakuna hata mmoja aliyempiga picha mamba.

"Egidi ni nani?" mgeni mmoja akamuuliza Kasiani, kamera yake ikimwelekea Avelina.

"Mwanetu. Yuko kwa bibi yake mpaka shule zifunguliwe. Au siyo, Mama Egidi?"

"Ndiyo, Baba Egidi," akajibu, akimjazia mgeni sahani.

Mgeni akashusha kamera na kumgeukia mwenzake. "Watu wa jana walisema huwa analia."

"Nani analia?" akauliza Kasiani, bado anatabasamu.