Nakala ya Mugeta

Kwenye kioo cha kompyuta, zahanati zote zilikuwa zimewaka kijani, ishara kuwa zimepata onyo, isipokuwa ya Mugeta.

Najat akashika shavu. Asubuhi ile, ofisini Kitaji, alizipanga zahanati kwa makundi ili laini isilemewe: onyo moja liende Bunda, moja Butiama, likifika huko ndipo lijigawe. Kitendawili kabisa: anatoka mmoja, wanafika wengi. Nalo onyo lilikuwa fupi: dawa ya sindano iliyoletwa jana imeharibika, inaua, msimchome mtu.

Mugeta aliiweka kundi la Butiama, maana yeye kwao huendaga kwa njia hiyo, akimpitia shangazi. Lakini waya haupitii kwa shangazi. Mugeta inalishwa mtandao kutoka Bunda. Onyo lilifika Butiama, likakosa pa kwenda.

Akapiga simu. Mdogo wake, nesi wa Mugeta, akapokea kwa kicheko.

"Dada! Leo umetukumbuka? Mama yuko hapa zahanati, homa ilimsumbua."

"Mmemchoma sindano?"

"Nimemchoma mwenyewe, wala hakulalamika. Sasa amelala kama mtoto mchanga. Nimwamshe umsalimie?"