Mstari Uliopinda

Picha ya tatu ndiyo iliyomfanya Phelesia aangushe kitana.

Mbili za kwanza alizicheka waziwazi. Saluni yake ya hapo Suna ilijulikana kwa mambo mawili: misuko inayodumu, na msusi mwenyewe kunyoa kichwa kama mwanafunzi wa bweni.

"Huyu ni malaika wa kompyuta, mdogo wangu. Na huyu wa pili, nywele zote ni za dukani. Zako ni laini, tena haba hapa mbele. Nikikuvuta hivyo, ukifika Rongo paji la uso litakuwa limehamia utosini! Nionyeshe mtu wa kweli, mwenye nywele kama zako."

Nyatichi, muuza viatu vya mitumba aliyeketi kusukwa, alicheka mpaka akafuta machozi. Akatelezesha kidole kwenye simu.

"Basi huyu ni wa kweli, anti."

Mwanamke alikuwa amepigwa picha kutoka nyuma, ameketi mbele kwenye boti, macho yake ziwani. Mistari ya msuko ilirudi kisogoni. Mmoja wa kushoto ulipinda. Kazi ya mtu aliyejisuka bila kioo.

Phelesia alikijua kichwa hicho. Kilikuwa chake.

Aliinama kuokota kitana, akakawia huko chini mpaka pumzi ikamrudia.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa simu ya Chrispine wangu. Kila nikigeuka, anaitazama. Nikajitumia kimyakimya."

"Na umekuja na nani?"

"Peke yangu. Yeye yuko hapo steji anashusha samaki wa omena. Atanipitia."

Phelesia akautazama mlango. Kisha akalitazama birika la maji ya moto, yale ya kuchovya ncha za msuko, karibu na mkono wa Nyatichi. Akalisogeza mbali naye. Saluni haikuwa na mlango wa nyuma. Alipouomba, mwenye nyumba alimuuliza kama yeye ni panya.

"Mbona unatetemeka, anti? Uko na malaria?"

"Ni njaa tu." Alijilazimisha kutabasamu. "Lakini wewe binti, nyar Kisii, una moyo! Wenzako wakipata picha ya mwanamke kwa simu ya bwana, huja hapa kuniazima wembe. Wewe unataka kusukwa kama yeye?"

Nyatichi hakucheka safari hii.

"Nataka nifanane naye kabisa. Hata huo mstari uliopinda, usininyooshee. Jumapili Chrispine ananivusha hadi kisiwa cha Mfangano kwa boti yake, nikaonyeshwe kwao. Sisi wawili tu. Nataka akiniona ashtuke."

Phelesia aligawa nywele. Akazichanganya. Akagawa tena.

"Huna wivu naye?"

"Wivu wa nini, anti? Marehemu haonewi wivu. Huyo alikuwa mke wake. Alianguka ziwani, wakamtafuta mpaka wakachoka. Hiyo picha Chrispine aliipiga siku hiyohiyo, muda mfupi kabla."

Nje, sauti ya mwanamume ikaita, "Nyatichi! Bado?"

Nyatichi akafungua kinywa kuitika. Kiganja cha Phelesia kikakiziba. Kwa mkono wa pili alisukuma komeo la mlango, taratibu, lisilie.

"Sikuanguka, mdogo wangu," alimnong'oneza sikioni. "Nilisukumwa."