Nyongeza ya Ngiri

Hebu wazieni gulio lenye wauza mihogo wawili wanaotazamana: Ngiri mwenye pupa na Fuko mpole. Pimbi, mama wa watoto wengi, alikuwa mteja wa Fuko.

Siku moja Ngiri akamwita. "Bi Pimbi, huko kwa Fuko nyongeza yako ni kipande cha ukubwa wa kidole. Njoo kwangu. Nunua fungu, nyongeza fungu zima."

Pimbi akavuka. Wenzake nao wakavuka.

"Shoga, umenihama?" Fuko akauliza.

"Nawe ongeza nyongeza," Pimbi akamjibu huku akitafuna.

Fuko hakuwa na cha kuongeza. Gulio lililofuata, kibanda chake kilikuwa kitupu.

Siku hiyo Ngiri akampa Pimbi mihogo miwili myembamba kwa bei ya fungu.

"Na nyongeza, kaka? Watoto hawatashiba."

"Kaiombe ng'ambo," Ngiri akasema.

Pimbi akakimbilia nyumbani kwa Fuko, akamkuta amebeba kapu la mihogo.

"Niuzie, shoga yangu."

"Si yangu. Sasa namchimbia Ngiri kwa ujira."

Watoto wa Pimbi walilala na njaa.

Wanangu, naomba mkumbuke jambo moja: nyongeza ile ilitoka kwa Fuko; Ngiri aliitoa kwa sababu tu Fuko alikuwa ameketi upande wa pili.