Zamda Alivyokausha Tangi

Siku hizi kila mtaa humteua mtu wa kuingia kwenye matangi ya zamani na kuondoa dawa yenye madini ya risasi iliyokuwa ikichanganywa na petroli. Mtaa wetu ulimteua binti yangu, Zamda. Dawa hiyo ina harufu tamu, na hupenya ngozini mtu asihisi chochote, kisha hukimbilia ubongoni. Zamda alijua. Glavu yake ilipochanika, hakutoka mpaka tangi likakauka.

Jana watoto walicheza kwenye uwanja wenye tangi hilo kwa mara ya kwanza. Leo majirani walijaa uani kwangu, vigelegele kila upande.

“Mama Zamda, umezaa!” mwenyekiti wa mtaa aliniambia.

Nilitembea kifua mbele, nikampakulia mwanangu pilau. Aliitazama sahani kwa macho mekundu, maana tangu atoke tangini hajapata usingizi.

“Mama,” alininong’oneza, “mbona inzi wamejaa hivi kwenye chakula?”

Hapakuwa na hata inzi mmoja. Nilishika ncha ya kanga yangu, nikapepea juu ya sahani mpaka waliokaa karibu wakageuka kutazama.

“Wameondoka, mwanangu,” nikamwambia. “Kula.”