Punje ya Njano

Orville Brekke alimwaga mtungi wa maharage juu ya meza ya jikoni akaanza kuchagua. Alitaka moja tu, jeupe, dogo, lifanane kabisa na yale yanayogawiwa kwenye ukumbi wa kata. Mtungi ulikuwa wa marehemu mkewe, na aliona haya kuugusa kwa kazi ile. Alipolipata alilitia mfukoni, akaenda kuwasha jiko la ukumbini kabla wenzake hawajafika.

Kata ya Solem, huko Dakota Kaskazini, ni tambarare tupu yenye mto mmoja mvivu. Zamani ilikuwa na shule, kiwanda cha siagi na makanisa mawili yaliyonuniana. Siku hizi wakazi wote wanaenea kwenye meza moja na nafasi inabaki. Waanzilishi walikuwa Wanorwe na Wacheki. Hawakuelewana lugha wala hawakuaminiana, kwa hiyo walipiga kura kwa punje, na mpaka leo ni vivyo hivyo. Kila mtu hupewa punje moja ya mahindi na harage moja. Hindi ni ndiyo, harage ni hapana. Unatumbukiza moja kwenye kopo la kahawa, kiganja kimefumbwa. Kura zikishahesabiwa, unarudisha mezani ile iliyokubakia, wote wakiona, usije ukakana ulichochagua.

Mwaka huu swali lilikuwa moja: Solem iendelee kuwepo? Ikivunjwa, wilaya ingechukua barabara, jina lingefutwa kwenye ramani, na makaburi yangeachiwa nyasi. Orville, mwenyekiti na mjukuu wa mwanzilishi, alikuwa amechoka. Kila majira ya baridi ni yeye wa kusukuma theluji barabarani, na magoti hayakunjiki tena. Lakini kulisema hilo mbele ya watu, bora afe. Basi angetumbukiza harage na kurudisha harage, ionekane alichagua hindi. Hakutegemea kushinda, alitaka tu kusema ukweli mara moja bila mtu kujua. Na harage la ziada likionekana koponi, macho yote yangemgeukia mgeni.

Mgeni ni Corinne, aliyetoka Chicago akanunua nyumba iliyokuwa ikioza kando ya mto.

"Mama wa mjini," Leland Vavra alimtania, "hilo la njano ndilo hindi. Usije ukatuua kwa bahati mbaya."

"Nalijua, mzee Leland. Kwetu tunalila kama bisi."

Wakacheka. Ardis, katibu, akamwinamia Orville. "Huyu atatia harage, nakwambia. Hana mtu wake makaburini."

Orville akatikisa kichwa kama anayesikitika, uso ukimwaka. Kisha akasimama na kuhutubia, maana mwenyekiti lazima ahutubie. Akamtaja babu yake, aliyelala chini ya mkokoteni uliopinduliwa majira yote ya baridi ya kwanza.

"Mimi nitazikwa Solem," alimaliza, "na Solem itakuwepo."

Leland alifuta machozi. Walipiga makofi, na Orville aliichukia sauti yake mwenyewe.

Kopo likazunguka, likarudi. Ardis akalimimina mezani. Harage. Harage. Harage tena. Katikati yake ilikuwepo punje moja tu ya njano.

Orville alikuwa ameshinda, na aibu ilimshika.

"Haya," Ardis alisema, macho chini. "Turudishe."

Corinne alikuwa wa kwanza. Aliweka harage jeupe, akakaa kuwasubiri.

Ardis akaweka harage jekundu. Leland akaweka jeusi. Bwana na Bibi Pavlik, waliokaa mwisho wa meza, wakaweka mawili ya madoadoa, ya bustani moja. Orville akaweka la mwisho, jeupe, lililochaguliwa vizuri kuliko yote.