Oda ya Mzee Shaali

Tangu mpwa wake amwanzishie mkahawani huduma ya kuagiza chakula kwa simu, Bi Rehani alikuwa akipika kuliko zamani na kuongea kidogo kuliko zamani. Simu ililia, yeye akapakua, mtu wa bodaboda akabeba. Meza zilishinda safi.

Mchana mmoja iliingia oda ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, kwa jina la Shaali Makame. Bi Rehani akalisoma jina hilo mara mbili. Mzee Shaali, fundi cherehani mstaafu, ndiye aliyezoea kukaa karibu na jiko na kumpigia soga mpaka chai ikapoa. Hata yeye sasa!

Akafunga chakula, akamwambia mtu wa bodaboda, "Hiki nakipeleka mwenyewe."

Mzee Shaali alipofungua mlango alishtuka. "Bi Rehani! Umekuja wewe?"

"Nimekukosea nini, mzee wangu, hata usije kula?"

"Mpwa wako aliniambia siku hizi mambo yote ni kwa simu. Nikadhani hutaki tena watu wakae."

Bi Rehani akachungulia. Ndani aliona meza ndogo na kiti kimoja.

"Wewe umeshakula?" Shaali akauliza.

"Bado."

Shaali akaacha mlango wazi, akampa kile kiti, akaenda jikoni kutafuta sahani ya pili. Bi Rehani akakaa, chakula mapajani, akisikia kabati likifunguliwa, kisha jingine, kisha jingine.