Sabini na Saba Imekaliwa

Ni nani aliyeikalia namba sabini na saba? Binti alilisoma tena onyo lililojitokeza kwenye kompyuta yake: anwani hiyo ya mtandao inatumika tayari. Kamera mpya ilikuwa imefungwa juu ya mlango dakika kumi tu zilizopita, na karakana nzima ya ushonaji haikuwa na kifaa kingine cha mtandao isipokuwa ruta na simu za mafundi.

Angeweza kuchagua namba nyingine. Lakini kila kifaa alichowahi kukifunga tangu aingie chuoni alikipa sabini na saba, namba ya chumba chake cha bweni, na hakutaka kuivunja desturi hiyo mbele ya watu waliomkazia macho.

"Mwanangu, imegoma?" aliuliza Bi Overloki. Aliitwa hivyo kwa sababu ya mashine yake ya kumalizia kingo za nguo, na pia kwa sababu ya mdomo wake, ambao nao haukuacha uzi ukining'inia.

"Haijagoma, shangazi. Inafikiri."

"Basi imetushinda. Sisi tuliacha kufikiri tangu sampuli ya tatu ionekane ng'ambo."

Kicheko kilianza, kikafa. Mafundi tisa wa ushirika walikuwa wakibuni sare za wauguzi kwa ajili ya zabuni ya hospitali, na mara tatu duka la ng'ambo ya barabara lilitundika dirishani mshono uleule kabla wao hawajaupiga pasi. Wanachama walidai kamera. Mwenyekiti, ambaye ndiye mama yake binti, alisita kwa wiki mbili, kisha akakubali kwa sharti kwamba mtu wa nje asiuguse mtandao wao. Binti yake angetosha.

"Inageuka huku na huku kama shingo ya bundi," binti alieleza. "Nitaitengenezea vitufe. Kila kitufe kina jina lake. Ukikibonyeza, kamera inageuka yenyewe mpaka mahali ulipoiagiza. Meza ya kukatia, dirisha, mlango."

"Cha kwangu kiite Mrembo," alisema Bi Overloki. "Na isije ikaungua na radi, kama mama yako alivyosema kuhusu ile uliyomfungia marehemu bibi yako."

"Hii ina kinga, shangazi."

Mama aliinama kutafuta pini sakafuni.

Binti aliamua kumbishia hodi huyo aliyeikalia namba yake. Akaiandika anwani, ukurasa wa kuingilia ukafunguka, na kabla hajagusa herufi hata moja, kompyuta ikaijaza nywila yenyewe. Picha ikatokea. Ilionyesha meza ya kukatia kutoka juu, karatasi za ruwaza za kukatia sare zikiwa zimetandazwa, na upara wa mkataji aliyeitwa Mkasi ukimetameta katikati.

Kamera ya mlangoni isingeweza kuona kutoka upande ule.

Alibonyeza mshale wa kushoto. Mlangoni hapakutikisika kitu. Lakini juu ya rafu, katikati ya makasha ya nyuzi, kitu kilichoviringishwa kitambaa cheusi kiligeuza jicho lake polepole.

Bi Overloki alipiga yowe. Viti vikaanguka.

"Rafu hiyo nani aliipigilia?" Mama alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Si Mkasi, mwezi uliopita tu? Nilimwamini mtu huyu kama ndugu yangu wa tumbo moja!"

Mkasi alitazama rafu, kisha akaitazama mikono yake. "Mwenyekiti, simu yangu ni ya tochi. Hata picha haipigi. Ningeonea wapi?"

"Wajanja wote husema hivyo."

"Miaka kumi na mmoja, dada yangu. Umewahi kunikuta hata na kifungo kisicho changu?"

"Jicho hilo hapo juu limejileta lenyewe? Wanaotaka atoke leo hii, mikono juu!"

Mikono ilipanda mmoja baada ya mwingine, ya watu waliokula naye kwa miaka yote hiyo. Bi Overloki aliunyanyua wake huku ameangalia ukutani. Mkasi aliivua tepu ya kupimia shingoni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Binti hakuwa mwanachama, wala hakuwa na kura. Alirudisha macho kwenye kioo, kwa sababu hakuweza kuutazama uso wa yule mzee, na ndipo alipokiona kitufe chini ya picha. Kilikuwa kimoja tu. Alilisoma jina lake. Akalisoma mara ya pili, polepole, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mwandiko wake na asiyokumbuka kuituma.

Akakibonyeza.

Juu ya rafu jicho liligeuka, likashuka, likatulia sawasawa juu ya meza ya kukatia.

Mama alimsogelea. "Mwanangu," aliita kwa sauti ya chini, "zima hiyo kompyuta, tutaongea nyumbani."

Binti aliigeuza kompyuta ili karakana nzima isome maneno aliyoyaandika kwenye kitufe kile kwa mkono wake mwenyewe, mwaka juzi: KITANDA CHA BIBI.

"Shusheni mikono," alisema. "Mkasi anabaki. Na mimi, mama, kuanzia leo sirudi nyumbani kwako."